Swali la dereva wa Tunduma

Ilikuwa Julai 2022, katikati ya baridi yetu, na Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ilijaa lile vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kifuniko cha kalamu. Nilisimama kando ya lori lililobeba sahani za shaba, nikilinganisha namba za lakiri na karatasi zangu. Dereva wake, mtu wa Tunduma, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori anamenya chungwa. Akaniambia, "Dada, hongereni. Sasa mmekuwa ndugu zetu kabisa."

Nikamuuliza hongera ya nini.

"Si mmeingia Jumuiya? Haya niambie, hii viza tunayolipa kuingia kwenu, wataifuta lini?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, sikuwa hata na habari. Nchi yangu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa imetia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Nairobi tarehe 8 Aprili, na tarehe 11 Julai, siku chache tu kabla ya mazungumzo yetu, ikawa mwanachama kamili. Mimi, wakala wa forodha, mwanamke ambaye riziki yake yote inapita kwenye kizuizi cha mpakani, nilikuwa napewa habari za nchi yangu na mtu anayemenya chungwa. Nikasema, "Tutaona," nikarudi kwenye lakiri. Naye akauliza tena, kwa sauti ya chini, bila nia yoyote ya kuniumiza: "Kwani ninyi kwenu hamfuatilii?"

Hakusema "wewe". Alisema "ninyi kwenu". Nilirudi nalo neno hilo Lubumbashi njia nzima, ndani ya taksi ya watu saba, na nilipofika nyumbani Bel-Air nilimtuma binti yangu dukani aninunulie daftari. Lilikuwa la jalada la buluu, la mistari, kama la mtoto wa shule. Ukurasa wa kwanza niliandika: *Viza ya madereva itaondolewa lini? Ni nani anaamua?*

Daftari lile bado ninalo. Ndilo linalonifanya niandike haya leo, maana limekaribia kujaa.

Nimefanya kazi ya kupitisha mizigo kwa miaka 14. Katika miaka hiyo nimezungumza na Wazambia, Watanzania, Wasomali, Wachina, Waafrika Kusini, Wahindi, watu wa Namibia na Zimbabwe. Wengi wao hawajawahi kumwona waziri wa Kongo wala balozi wa Kongo. Wameniona mimi. Wamewaona vijana wanaouza maji kwenye foleni, askari kwenye vizuizi, akina mama wa kubadilisha franga. Hao ndio Kongo yao. Dereva yule alirudi Tunduma, akakaa na wenzake kula, na nina hakika aliwaambia kwamba Wakongomani wameingia Jumuiya lakini wenyewe hawajui wameingia wapi. Habari kama hiyo inasafiri hadi Dar es Salaam haraka kuliko barua ya wizara.

Nilianza na Papa Mwalimu, jirani yangu, mzee aliyefundisha historia Katuba miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimwonyesha daftari. Akasoma swali langu, akavua miwani, akaniuliza kama najua tarehe 11 Julai ni tarehe gani hapa kwetu. Nilijua, kama kila mtu wa Katanga anavyojua. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza katika mji huu, ulipoitwa bado Elisabethville, kwamba Katanga imejitenga. Miaka 62 baadaye, siku ileile na mwezi uleule, Kongo nzima, na Katanga ndani yake, ikajiunga na majirani wa mashariki. Sijasikia mtu mjini akizitaja tarehe hizi mbili pamoja. Papa Mwalimu alizitaja, kisha akasema neno lililokuwa swali la pili kwenye daftari: "Katanga ya Tshombe ilikuwa na shaba, pesa, jeshi na wazungu wa kuisaidia. Hakuna nchi hata moja duniani iliyoitambua. Juu ya nini?"

Tulianza kukutana Jumamosi jioni kwenye lupango yangu, yaani uani kwangu, chini ya mwembe. Mwanzoni tulikuwa watu wanne. Mama Sifa anayeuza makala, yaani makaa, kwenye kona, Papa Mwalimu, binti yangu na mimi. Redio ya betri juu ya kiti, kwa sababu umeme hauna ahadi, chai juu ya mbabula, jiko letu la makaa, daftari juu ya magoti yangu. Tunasikiliza Radio Okapi, tunasikiliza matangazo ya Kiswahili ya RFI na ya Ujerumani, kisha tunazungumza. Mara nyingine tunachapisha karatasi mjini na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, tukiigeuza kutoka Kifaransa. Hakuna mkubwa wala mdogo pale. Anayejua anasema, asiyejua anauliza, na swali lisilopata jibu linaingia kwenye daftari.

Jioni iliyonibadilisha kuliko zote ni ile tuliyozungumza habari za Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza.

Mwaka huohuo wa 2022, mwezi Juni, jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, na jeneza likazungushwa nchini hadi likafika kwetu. Lilipelekwa Shilatembo, kando ya njia ya Likasi, mahali alipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Nilisimama barabarani siku hiyo. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameinua simu anapiga picha, akamgeukia mwenzake: "Huyu alifanya nini kabisa?" Mwenzake hakujua. Watu wazima tuliokuwa nyuma yao tulinyamaza, na mimi nilinyamaza pamoja nao.

Papa Mwalimu alitupangia mambo kwa tarehe zake. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari. Wiki nne zilipita. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba alikuwa ametoroka kifungoni na kwamba wanakijiji wamemuua. Ulikuwa uongo. Siku mbili baadaye, New York, kikao cha Baraza la Usalama kilivurugika: watu waliokaa kwenye viti vya wageni, wengi wao Wamarekani weusi, walisimama wakapiga kelele za uchungu hadi wakakamatana na walinzi. Cairo na Belgrade watu walivamia balozi za Ubelgiji. Tarehe 21 Februari Baraza likapitisha azimio namba 161, lililoruhusu jeshi la Umoja wa Mataifa hapa Kongo kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Sisemi kwamba zile kelele ndizo zilizoandika azimio. Wakubwa walikuwa na hesabu zao, Marekani upande mmoja na Urusi ya Kisovieti upande mwingine, na nchi za Afrika na Asia zilikuwa zimeanza kuwa na sauti yao kule. Ninachosema ni hiki. Mwanamke mweusi wa Harlem, kule New York, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, alimjua Lumumba vya kutosha kusimama na kulia mbele ya mabalozi wa dunia nzima. Na sisi hapa, watu wa mji ambao ndege yake ilitua, watu wa karibu kuliko wote, tulijua nini? Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, wakati huo. Nilipokuwa msichana nilimuuliza walisikiaje kifo kile. Alinijibu: "Tulisikia kwa redio ya Katanga. Tuliamini, kwa sababu hatukuwa na sikio lingine."

Hatukuwa na sikio lingine. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari ingawa si swali.

Babu huyohuyo alikuwa na hadithi nyingine, ya mawe. Kabla ya kuja mjini, akiwa kijana, alifanya kazi upande wa Likasi, na alikuwa na marafiki waliochimba Shinkolobwe. Walijua mawe yale ni mazito na yana rangi nzuri. Zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zilikuwa zimeshavushwa bahari na kuwekwa New York kabla hata Wamarekani hawajaanza mradi wao wa bomu, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye shimo lile. Waliolichimba hawakuambiwa. Babu alikuja kusikia akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa akiisimulia akitazama viganja vyake.

Leo sisi tunatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, kwanza kwa miezi minne, kwa sababu soko lilikuwa limejaa na bei imeanguka mno. Niliiona kwa macho yangu: mifuko mikubwa myeupe ikiwa imepangwa kwenye ua wa bohari, imefungwa, haiendi popote, na madereva wakilala chini ya malori yao bila mzigo. Kazi yangu ilipungua. Ya wengine ilikufa. Jumamosi ile watu chini ya mwembe walikuwa 19, na hasira ilikuwa tele. Kijana mmoja mwenye lori la mkopo alisema serikali imetuua sisi ili kuwafurahisha wakubwa.

Tulisoma tangazo lote. Tulieleza bei ilivyokuwa na ilivyoshuka, nani ananunua, nani anasafisha, kwa nini viwanda vya betri vya Asia vilishtuka. Kijana yule hakuondoka na furaha, na mimi pia sikuwa na furaha, kwa maana deni halingoji soko lipande. Lakini alipoondoka alikuwa anajua kwamba nchi yake imeshika kitu ambacho dunia inakihitaji, na kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake imekaza mkono. Oktoba mwaka huo serikali iliondoa zuio hilo na kuweka viwango vya kusafirisha, tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Jumamosi iliyofuata alikuja na hesabu yake kwenye kipande cha karatasi: je, kiwango hicho kinatosha malori mangapi? Na nani amepewa kiasi gani? Hayo ni maswali ya raia. Mnunuzi wa nje anayeketi kuzungumza na Kongo yenye vijana wanaouliza hivyo anajua kwamba akihonga mtu mmoja hajamaliza kazi.

Ninaamini jambo hili kwa moyo wote: mjumbe wetu anapokaa mezani, wale walio upande wa pili wanamtazama yeye, kisha wanatazama nyuma yake. Wakiona watu wanaojua kilichosemwa jana na kilichotiwa saini mwaka juzi, wanachagua maneno yao. Wakiona giza, wanafanya wanavyotaka.

Na kuna hatari nyingine, ya watu wenye hasira bila habari. Hili linaniuma kulisema kwa sababu hasira ile ilikuwa yangu pia. Goma, mji wa mashariki ya nchi yetu, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mdogo wangu wa kike alikuwa kule, Katindo, na watoto watatu. Siku mbili simu yake haikuita. Tarehe 28 Januari vijana Kinshasa waliingia barabarani, wakashambulia balozi: ya Rwanda, ya Uganda, ya Ufaransa, ya Ubelgiji, ya Marekani, ya Kenya. Nilitazama picha zile nikiwa sijalala, na nakiri kwamba dakika ya kwanza nilisema moyoni, waacheni wachome.

Dakika ya pili nilifikiria Ufaransa. Ndiyo inayoshika kalamu ya mambo ya Kongo kwenye Baraza la Usalama. Rasimu zinazohusu nchi yetu huandikwa na wao. Wiki tatu na siku chache baada ya moshi ule, tarehe 21 Februari 2025, Baraza lilipitisha kwa kura zote 15 azimio namba 2773, ambalo liliitaja Rwanda kwa jina, likalitaka jeshi lake liache kuisaidia M23 na liondoke kwenye ardhi ya Kongo bila masharti. Rwanda imekuwa ikikanusha kuisaidia M23. Rasimu ya azimio hilo ilitoka Ufaransa. Siku wanadiplomasia wetu walipokuwa wakibisha mlango baada ya mlango wakiomba dunia iseme neno hilo, sisi raia tulikuwa tumechoma lango la mwandishi wake. Hata aliyekuwa na nia njema kwetu alipewa sababu ya kuandika kwanza kuhusu usalama wa watumishi wake. Kijana anayejua nani ameshika kalamu angesimama nje ya ubalozi ule na bango.

Azimio lile tulilisoma Jumamosi mbili mfululizo. Tuligombania neno moja karibu saa nzima. Linasema Baraza "linaomba", "linataka" au "linaagiza"? Mama Sifa, ambaye hakumaliza darasa la sita, ndiye aliyetufungua macho. Alisema mtu anayekudai hela hawezi kutumia maneno hayo matatu kwa namna moja. Akikuomba una wiki, akikutaka una siku, akikuagiza amekuja na askari. Papa Mwalimu akacheka kwa furaha hadi akakohoa. Tukaandika "linataka". Mdogo wangu alikuwa ameshapatikana hewani, anasikiliza kwa simu kutoka Goma, na niliposoma namba ya kura zote 15 sikumsikia akisema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Na China pia? Na Urusi pia?" Ndiyo, zote.

Nimetaja Goma. Kabla ya hayo yote kulikuwa na Abidjan. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Leopards dhidi ya Côte d'Ivoire. Katika mji huu wa Mazembe hakuna mtu aliyekuwa amelala. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu wote walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakavielekeza kwenye kichwa kama bastola. Watu wanauawa mashariki, na dunia imefunga mdomo. Lupango nzima ilinyamaza. Tulifungwa bao moja kwa bila, na kesho yake hakuna aliyezungumza sana juu ya bao.

Kesho yake mimi nilikuwa Kasumbalesa. Karani wa Kizambia tuliyezoeana, upande wa pili, alinishika mkono na kuniuliza kwa Kibemba, maana Kibemba hakijui mpaka: wachezaji wenu walikuwa wanafanya nini jana? Mke wake aliona akalia bila kujua analia nini.

Nilimwambia. Nilimwambia M23 ni nini na ilianza lini, jinsi ilivyoichukua Goma mara ya kwanza Novemba 2012 na kuondoka, jinsi nchi 11 zilivyotia saini mkataba wa Addis Ababa Februari 2013 zikiahidi kutoingilia mambo ya jirani, na kwamba Zambia yake ni moja ya nchi hizo. Hilo la mwisho hakulijua. Aliita wenzake wawili. Nilisimama pale nikieleza kwa robo saa huku foleni ikisubiri, na hakuna dereva aliyepiga honi. Nilipoondoka, nilimkumbuka mtu wa Tunduma na chungwa lake. Natamani angenipata siku hiyo.

Agosti mwaka huohuo urafiki wetu na Wazambia ulijaribiwa. Wizara yetu ilikuwa imepiga marufuku kwa miezi 12 kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka nje. Wasafirishaji na wachuuzi wa upande wetu wakachachamaa, Kasumbalesa ikawa na fujo, na tarehe 10 Zambia ikafunga mipaka mitatu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa mtu asiyeujua mji wetu niseme tu kwamba bukari, yaani ugali, la Lubumbashi linapikwa kwa unga ambao mwingi unavuka pale. Kizuizi kikishuka asubuhi, jioni bei ya mfuko wa kilo 25 imeshapanda katika soko la hapa mjini liitwalo Kenya, hata kama unga huo uliingia wiki iliyopita.

Jioni hiyo Mama Sifa alikuja mbio, leso imelegea. "Bazambia beko banafunga njia juu tukufe na njala!" Ndivyo simu zilivyokuwa zinasema, sauti moja ya mtu asiyejulikana ikitumwa kundi kwa kundi. Tulikaa naye. Tulimkumbusha kwamba Februari ile Zambia yenyewe ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yalikauka mashambani, na wao pia walikuwa wanatafuta unga. Tulimweleza habari ya bia. Akakaa kimya, akafunga leso yake vizuri. "Basi kosa la kwanza lilitoka kwetu?" Kulinda viwanda vya nyumbani si kosa, nilimwambia, lakini kuwafungia watu njia ya riziki bila kuwaeleza kitu ni namna mbaya ya kuanza. Asubuhi yake alisimama kwenye kona yake ya makala, na kila aliyekuja kununua huku akiwalaani Wazambia alipewa maelezo pamoja na makala yake. Wazambia wengi wanaishi mjini humu, wanafanya kazi, wameoa na kuolewa. Kwenye mtaa wetu hakuna aliyeguswa. Siku chache baadaye mazungumzo yalifanyika, njia ikafunguliwa.

Tangu Januari mosi 2026 Kongo ina kiti kwenye Baraza la Usalama, kwa miaka miwili. Tulichaguliwa tarehe 3 Juni 2025 kwa kura 183. Ni mara ya tatu. Mara mbili za kwanza tuliitwa Zaire, 1982 hadi 1983, kisha 1990 hadi 1991. Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi, nimevaa sare ya shule, na katika darasa letu hakuna aliyetuambia. Nchi yangu ilikuwa mezani siku ambazo dunia ilikuwa inaamua juu ya vita vya Ghuba, na mimi nilikuwa ninakariri majina ya mito.

Safari hii watoto wa mtaa wanajua. Binti ya jirani, mwenye miaka 12, amechora meza ile ya nusu duara kwenye karatasi ya kalenda, na viti 15, na akaandika majina ya nchi zote. Vile vitano vyenye kura ya turufu amevipaka rangi nyekundu. Aliutundika mchoro kwenye mwembe kwa kamba. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 27 chini ya mchoro ule, wengine wamekaa juu ya ndoo, na Papa Mwalimu alikuwa akieleza balozi anapokeaje maagizo kutoka Kinshasa kabla ya kupiga kura.

Mama Sifa akanyoosha mkono, mweusi kwa makala hadi kwenye kiwiko.

"Kinshasa banamwambia," alisema. "Na Kinshasa, nani anabaambia?"

Hakuna aliyejibu. Nilifungua daftari kuliandika swali lake, nikaona zimebaki kurasa mbili. Kijana wa lori akasema tuandike barua kwa mbunge wetu, na nakala iende kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, tuseme sisi watu wa Bel-Air tunataka kujua Kongo itasema nini kuhusu jambo gani, na tuna maoni yetu. Tulibishana kama iwe kwa Kifaransa au Kiswahili. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba yetu, ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, na Umoja wa Afrika unaitumia. Tutaiandika kwa Kiswahili, na chini yake tafsiri ya Kifaransa.

Tunaianza Jumamosi hii saa kumi. Mama Sifa ameshaleta bahasha, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki isichafuke kwa makala.